Habari za Moza kutoka Mji Wenye Ukuta

Leeds, mwezi wa saba

Mama yangu mpenzi, Bi Asha,

Shikamoo. Ukishaitikia, nenda chumbani kwako, tia komeo, uisome barua hii peke yako. Najua kawaida yetu. Barua yangu ikifika inasomwa barazani, wewe unasoma, Bibi anasikiliza, na Bi Fatuma jirani anapita kuomba chumvi asiyoihitaji. Hii usiisome hivyo. Isome mwanzo mpaka mwisho, halafu wewe mwenyewe uamue Bibi asikie nini na asikie lini. Ningepiga simu pale dukani, lakini dukani ukizungumza na mtu mmoja umezungumza na Miembeni nzima.

Mimi sijambo, alhamdulillahi. Je, magoti yako? Ule mkuyati niliosikia unakunywa kwa ajili ya maumivu umekusaidia au umekupa kiungulia tu? Na jicho la Bibi, amekubali kwenda kutazamwa, au bado anasema daktari akilitoa lile wingu atamtoa na akili? Mwambie mjukuu wake wa Ulaya anamuomba akubali. Akikataa, mwambie mjukuu wake wa Ulaya anamuamrisha, tuone atasemaje.

Kazi yangu ni ile ile, jikoni kwenye nyumba ya wazee. Kuwapikia wazee wa Kizungu si kazi ngumu: usitie pilipili, usitie tangawizi, usitie kitu. Kikichemka kimeiva. Wananipenda, nami nawapenda, isipokuwa bwana mmoja anayenirushia mbatata.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Wiki iliyopita nilipata mapumziko, nikapanda treni kwenda mji unaoitwa York. Si mbali na hapa. Wenzangu wa kazini walikuwa wamenisakama, ati vipi nitakaa Uingereza miaka yote hii nisiuone mji wa kale kuliko miji, na hasa wakati wa kiangazi kukiwa na sherehe, muziki mabarabarani, michezo ya kuigiza, na nyumba za watu za zamani zinafunguliwa milango wageni waingie kutazama. Nikasema haya, niende, nami nionekane msomi.

Mama, mji ule umezungushiwa ukuta. Ukuta wa mawe, mrefu, na watu wanapanda juu yake kutembea. Niliposhuka stesheni nikauona, ilinibidi nikae kwenye benchi.

Nisamehe nikikueleza unayoyajua. Ile hadithi sisi tumeisikia vipande vipande, na kila kipande Bibi alikitoa akiwa na hasira, kwa hivyo nataka niiweke mahali pamoja ili tuwe tunazungumza jambo moja. Bibi Kazija alikuwa na dada yake, Moza. Walikuwa mayatima kutoka Matemwe, wakaletwa mjini kwa shangazi yao, na Moza akapata kazi ya uyaya kwa daktari wa Kizungu, huko Vuga. Bibi alikuwa mtoto mdogo, na aliyemlea ni huyo Moza, si shangazi. Daktari alipomaliza muda wake akarudi kwao na mkewe na mtoto wao, na Moza wakamchukua. Alimwambia Bibi anakwenda mji wenye ukuta na atarudi. Hakurudi, hakuleta barua wala salamu. Basi Bibi akaacha kumtaja. Kwetu hakuna Moza, kuna "yule". Yule amekuwa Mzungu. Yule ana nyumba yake na mbwa wake. Na siku niliyokuwa nikiondoka, mmenifungia vileja na achari na kila mtu analia, Bibi alinivuta pembeni akaniambia, "Ukikutana na yule mwanamke huko uendako, usimwambie kama wewe mjukuu wangu." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ndiyo maana nilipouona ule ukuta nikakaa kitako. Nikajisemea, Biubwa, Uingereza miji yenye ukuta haikosi kuwa mingi, usijitie wazimu. Nikainuka, nikaingia mjini.

Siku ile ilikuwa na jua, na niliyoyaona asubuhi yalinichekesha. Kulikuwa na magari ya mbao ya kuvutwa, juu yake watu wanaigiza visa vya Mitume, wauza nyama na makarani wa benki wamevaa mashuka. Nilimwona Nabii Nuhu kavaa miwani. Mkewe anagoma kupanda safina, anampiga kwa mwiko, na watu wanapiga makofi. Kwenye kona nyingine kulikuwa na bwana mwenye kofia ndefu nyeusi anayewatembeza watu na kuwaonesha nyumba zenye mashetani, na watu wanamlipa. Kwetu mtu akikuonesha nyumba yenye shetani unamshukuru na unapita njia nyingine.

Lakini ndani kabisa mwa mji, Mama, sikucheka. Kuna vichochoro kama vya kwetu Mji Mkongwe, vyembamba, nyumba zimeinamiana juu mpaka mbingu inabaki kama utepe. Ukiingia humo ngoma za sherehe unaacha kuzisikia. Na miguu yangu ilikuwa inajua njia. Sijui nikueleze vipi. Nilikuwa nakata kona kabla sijaiona, kama ninavyotoka Hurumzi kwenda Kiponda nikiwa nafikiria mambo yangu. Mara mbili tatu nilisimama nikajiuliza nakwenda wapi, na nikaendelea kwenda.

Nilisimama mbele ya nyumba moja kwa sababu ya dirisha. Ndani ya dirisha, juu ya meza, pamewekwa mbuzi ya kukunia nazi. Kibao chake kimepakwa mafuta kinang'aa, na kwenye yale meno wametundika ua. Chini yake pana kadi: kiti cha ibada, Afrika. Nilicheka peke yangu njiani kama mwehu. Mlangoni pameandikwa karibuni, nyumba iko wazi kwa siku za sherehe. Mwanamke wa makamo, mwenye mvi, alikuwa chini anapokea wageni. Jina lake Margaret. Akaniambia vyumba vya chini na chumba cha watoto cha ghorofani vinaruhusiwa, nitazame kwa nafasi yangu. Nilitaka kumwambia habari ya kile kiti chake cha ibada, nikaona haya. Nikapanda ngazi.

Chumba cha watoto kilikuwa mwisho wa ukumbi. Mlango uko wazi, na kamba nyekundu imepitishwa katikati, maana yake mtu asimame nje atazame. Ndani kuna zulia na kitanda kidogo kilichotandikwa. Sasa mimi, Mama, umenilea wewe. Chumba chenye kitanda siwezi kukisogelea na viatu, wala siwezi kuchungulia kimya kimya kama mwizi. Nikavua viatu nikaviacha mlangoni. Na mdomo ukajisemea wenyewe, "Hodi."

Nikaitikiwa. "Karibu."

Haikuwa karibu ya mtalii aliyejifunza kitabuni. Ilikuwa karibu ya kwetu, ya mtu aliye na kazi mkononi, anayekuitikia bila ya kugeuka. Na ilikuwa sauti ya msichana.

Mtu akikaribishwa anaingia. Sikufikiri jengine lolote. Nilipita chini ya kamba na utu uzima wangu huu, na nilipoinuka nikaona chumba hakina mtu. Kuna kile kitanda, kuna farasi wa mbao, kuna dirisha linalotazama ukuta wa mji. Nje watu wanatembea mikono wazi kwa joto, na mle ndani palikuwa na baridi ya kuumiza vidole vya miguu. Nikasema, "Dada, uko wapi?" Kimya. Hapo ndipo nywele ziliponisimama, na ningekimbia, wallahi, lakini niliona mlango mwengine upande wa pili, umerudishwa nusu. Nikajipa moyo kwamba aliyeniitikia yuko huko.

Nikausukuma. Kilikuwa chumba kidogo cha mgonjwa, na kitandani amelazwa mwanamke wa Kizungu, mzee, mwembamba, ameegemezwa mito. Macho kafumba. Nilipotaka kurudi nyuma akayafumbua, akautazama mtandio wangu, akasema, "Umechelewa."

Kwa Kiswahili, Mama. Na si hilo lililonitisha. Kilichonitisha ni kwamba ilikuwa sauti ya Bibi. Ule mvuto wa maneno wa Bibi anapokaripia, ile namna yake ya kulishusha neno mwishoni kama anaweka sufuria chini. Funga macho, Bibi Kazija yuko mle chumbani. Fumbua, ni mwanamke mwenye macho ya buluu.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba." Akanitazama tena, juu mpaka chini. "Si wewe. Wewe mnene. Moza hakuwa mnene."

Nikamuuliza, "Moza gani, Bibi?"

"Moza wangu. Wewe umetoka kwao?"

"Nimetoka Unguja."

"Basi umemwacha huko. Hajambo?"

"Hajambo," nikasema, "anakusalimu."

Mama, usinilaumu. Wewe unajua. Kwetu mtu akiuliza hali ya mtu, jibu linatoka kabla hujamjua anayeuliziwa. Mgonjwa yuko ndani anakata roho, na anayeulizwa mlangoni anasema hajambo. Tumezoezwa hivyo tangu tunajifunza kusema. Lakini yule mzee alilipokea lile neno kwa mikono miwili. Uso wake wote ulifunguka, akawa kama mtoto. "Nilijua," akasema. "Walikuwa wakinong'onezana kwenye ngazi, lakini mie nilijua." Halafu akanikamata mkono. "Na Kazija je? Keshanyamaza?"

Nilikaa kitandani kwake bila ya ruhusa.

"Kazija yupi?"

"Mdogo wake. Alikuwa akilia sana. Mama yangu alinambia, Moza kenda kwao kumnyamazisha Kazija, akisha kunyamaza atarudi." Alisema polepole, kama mtu anayetoa vitu ndani ya sanduku. "Mie silii. Tangu siku ile sikulia hata mara moja, ili aone mie mzuri kuliko Kazija. Mwambie Kazija zamu yake ishakwisha. Mwambie sasa zamu yangu."

Nilimuahidi nitamwambia. Ningesema nini? Halafu nikamuuliza kama ni yeye aliyenikaribisha nilipopiga hodi.

"Mie nilikuwa nimelala," akasema. Akanyoosha kidole kuelekea kile chumba cha watoto. "Kakukaribisha yule."

"Yule nani? Si umenambia Moza kenda Unguja?"

"Moza yuko Unguja. Huyo mwengine." Akapunguza sauti, akanivuta karibu, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya dawa. "Huyo anayeona baridi."

Hapo nikasikia mtu anapanda ngazi mbio, akaingia Margaret, uso mwekundu, tayari kunigombeza kwa kuvuka kamba. Akasimama mlangoni. Alikuwa amesikia. Huyo mzee ni shangazi yake, jina lake Bi Nelly, na tangu apatwe na kiharusi mwaka jana hawajamsikia akisema Kiingereza hata kidogo. Alikuwa akitoa maneno, ndiyo, lakini daktari aliwaambia ni sauti tu, ugonjwa umemvuruga, wasiyatilie maanani. Mwaka mzima mzee wa watu anaomba maji kwa Kiswahili na anaambiwa hasemi kitu. Nilimuuliza palepale kama ana kiu. Akasema, "Tangu jana." Margaret akakimbia kuleta maji.

Nilipotoka nikaenda kuvaa viatu. Nilivivua vikiwa vimeelekea chumbani, kama avuavyo mtu yeyote anayeingia. Nikavikuta vimewekwa sawasawa, pamoja, visigino kwa chumba na ncha kwa nje, tayari kwa mimi kutia mguu na kwenda zangu.

Mama, taja nyumba nyingine unayoijua katika mitaa yote ya Ng'ambo inayomgeuzia mgeni viatu. Hakuna. Ni sisi tu, tunachekwa, na tulipokuwa wadogo tulipigwa tukisahau. Nilipomuuliza Bibi kwa nini, alisema ndivyo alivyofunzwa, na hakusema nani aliyemfunza, na sasa najua kwa nini hakusema.

Nikamwambia Margaret ahsante kwa kunigeuzia viatu. Akasema, viatu gani? Akavitazama, akaniambia kwamba shangazi yake, alipokuwa na miguu yake, alikuwa akimgeuzia kila mgeni viatu, na wageni wengine walikasirika wakidhani wanafukuzwa. Hakuna mwengine katika nyumba ile aliyewahi kufanya hivyo. Na Bi Nelly hajashuka kitandani tangu mwaka jana.

Nilivivaa. Vilikuwa baridi kama vimetolewa kwenye friji.

Margaret alifunga mlango wa nje, wageni wengine wakaambiwa warudi kesho, akanikalisha jikoni akanipa chai. Nikamwambia mimi ni nani. Naye akaniambia anayoyajua, aliyoyasikia kwa bibi yake, mke wa yule daktari, mama wa Bi Nelly, aliyemsimulia alipokuwa ameshazeeka. Yaya wao alikuwa msichana mzuri, mwepesi wa kucheka, na mtoto alikuwa hataki mtu mwengine. Walifika mwisho wa kiangazi. Baridi ilipoingia akaanza kukohoa, akaficha kikohozi kwa sababu aliogopa watamtenga na mtoto. Ikawa homa ya mapafu. Alikufa katika kile chumba cha watoto, baridi yake ya kwanza, Mama, hata mwaka hakuumaliza. Wakamzika kwenye makaburi ya mji, nje ya ukuta, bila ya jiwe. Mtoto wakamwambia Moza amerudi kwao. Daktari alisema ataandika Unguja. Margaret hajui kama aliandika. Mimi najua hakikufika kitu.

Nilikasirika. Nilitaka kukitupa kile kikombe ukutani, na kile kiti chao cha ibada nikitie motoni. Nilimwambia Margaret: bibi yangu amekaa anamngoja mtu ambaye nyinyi mmemfukia kama paka. Akalia. Sikumbembeleza upesi. Baadaye nilimbembeleza, maana hakuwa amezaliwa, na ni yeye anayemwosha na kumlisha yule mzee kwa mikono yake miwili bila ya msaidizi.

Kabla ya kuondoka nilipanda tena kumuaga Bi Nelly. Nilipita kile chumba mbio, natazama chini. Nilikuwa nimepanga kumwambia ukweli. Nimesimama mbele yake, nimefungua mdomo, akaniwahi: "Usisahau kumwambia Kazija." Nikasema sitasahau. Nikambusu mkono kama ninavyombusu Bibi, nikatoka.

Margaret akanipeleka makaburini. Sehemu yenyewe ni majani tu, yamekatwa, hakuna alama, na yeye hajui ni wapi hasa. Ng'ambo ya ukuta ngoma za sherehe zinasikika, na watu wanashangilia, nadhani Nuhu alikuwa amefika nchi kavu. Nilikisia kibla kwa jua. Nikasoma Fatiha na Yasini kiasi ninachokijua kwa moyo, na pale niliposahau nikarudia mwanzo. Muda wote nilipokuwa nikisoma nilihisi ile baridi ya chumbani miguuni mwangu, kwenye majani yale, kwenye jua lile. Nilipomaliza dua ikaondoka. Sikugeuka nyuma, na hata usiku huo nilipolala kwangu niliacha taa inawaka, na mpaka leo naiacha.

Sasa Mama, mzigo nimeukuletea wewe, nisamehe. Niliwaza nisiandike. Niliwaza Bibi ni mtu mzima, ana hasira yake, amekaa nayo na amezeeka nayo, na huenda ndiyo inayomwinua asubuhi. Nikiiondoa nitamwachia nini? Halafu nikawaza, Moza hajasomewa hitima hata siku moja. Ndugu yake yu hai na hajamuombea, kwa kuwa anadhani yuko mahali anakunywa chai na mbwa wake. Hilo sikuweza kulinyamazia. Nakuomba mwambie, na isomwe hitima, pale pale nyumbani, watu waalikwe, na jina lake litajwe waziwazi kwa sauti.

Nisalimie kaka Hemedi, mwambie viatu vya mpira alivyoagiza nimevipata lakini si vya rangi aliyotaka, na asigombe. Nisalimie shangazi wa Bwejuu na mwani wake, na watoto wote wa nyumba, na umpe Bi Fatuma salamu zake kabla hajaja kuzifuata. Wifi yangu mwambie ile picha ya mtoto nimeibandika jikoni kazini, na wazee wote wanamjua kwa jina.

Ukimwambia Bibi, nakuomba usianze na kaburi wala na baridi. Anza na umri. Miaka yote hii amekuwa akigombana na mwanamke mtu mzima, tajiri, aliyemsahau. Huyo hajapata kuwapo. Aliyekuwapo ni msichana wa miaka kumi na saba, mdogo kuliko huyu binti wa Hemedi anayelala naye chumba kimoja, na kwa muda mchache aliokuwa nao huku alimsimulia mtoto wa watu habari za Kazija mpaka mtoto akaona wivu wa maisha. Mwambie hivyo, kisha umwache anyamaze kwa kadiri atakavyo. Na akipata neno la kusema, lolote, liandike uniletee upesi. Bi Nelly bado anangoja ajibiwe, na hali yake si ya kungoja sana. Mimi nilishindwa kumwambia kwamba Kazija naye hakupata zamu.

Mwanao akupendaye,
Biubwa